Wanawake Watatu Wenye Tepe Kichwani

Leo nina picha ya kukuonyesha, na kwa kuwa redio haina macho, itabidi unikopeshe yako.

Picha yenyewe si kubwa. Urefu wake unazidi kidogo sentimita 70, upana haufiki 60. Wamo wanawake watatu wanaocheza, na wamesongamana kiasi kwamba ukitupa jicho haraka utadhani ni mwili mmoja wenye vichwa vitatu. Wameinama mbele, goti limekunjwa, mguu umerushwa, sketi zimejaa upepo. Wamevaa blauzi nyeupe zenye mikono mipana. Kifuani shanga, miguuni buti, kichwani mashada ya maua, na kutoka kwenye mashada hayo zinashuka tepe ndefu mgongoni. Baadhi ya tepe hizo ni za buluu na manjano. Zikumbuke, nitazirudia. Nyuma yao hakuna pazia wala taa za jukwaani, kuna majani mabichi na mwinuko wa ardhi.

Aliyeichora ni Edgar Degas, Mfaransa, mwaka 1899 au karibu na hapo, kwa pasteli na makaa ya kuchorea. Leo inatunzwa katika jumba la sanaa la National Gallery, London. Kwa miaka mingi kibao chake kilisema ni Wachezaji wa Kirusi. Aprili 2022, wiki chache baada ya majeshi ya Urusi kuivamia Ukraine, jumba hilo likakiondoa kibao cha zamani na kuandika Wachezaji wa Ukraine. Mabadiliko hayo yalizua maneno mengi, na mimi pia nina langu la kusema. Ila nitafika kwa kuzunguka, maana kugombania jina la picha ambayo hujaitazama vizuri ni kupiga kelele tu.

Degas alizaliwa Paris mwaka 1834, mtoto wa benki kwa maana halisi: baba yake alikuwa mwenye benki. Mama yake alitoka katika familia ya Wafaransa wa New Orleans, Marekani. Vitabu humweka katika kundi la waimpreshonisti, na ni kweli kwamba kati ya maonyesho manane ya kundi hilo, tangu 1874 hadi 1886, alikosa moja tu. Lakini yeye neno hilo hakulipenda. Wenzake walibeba turubai wakaenda mashambani kufukuzana na jua. Yeye alijifungia ndani, akafukuzana na watu waliokuwa kazini: wapiga pasi, wafua nguo, wapanda farasi wa mashindano, waimbaji wa mikahawa, na zaidi ya wote, wasichana wa baleti wa Opera ya Paris. Inakadiriwa kwamba kazi zake zinazohusu wachezaji zinafika 1,500 hivi. Mtu hachori kitu mara nyingi hivyo kwa sababu ya uzuri wake tu.

Mfanyabiashara wa sanaa Ambroise Vollard alisimulia kwamba Degas alilalamika kuitwa mchoraji wa wachezaji, akadai kwamba wachezaji kwake ni kisingizio, na anachokitafuta ni vitambaa vizuri na mwendo wa mwili. Nusu ya maneno hayo naiamini, nusu ni ukorofi wa mzee. Vitambaa alivipenda kweli. Katika pasteli zake za Opera, nguo ya mchezaji ndiyo inayoubeba mwanga wote wa picha. Chukua ile iitwayo L'Étoile, iliyopo Musée d'Orsay, Paris, ambayo mchoraji mwenzake Gustave Caillebotte aliimiliki na kuiachia serikali alipofariki mwaka 1894. Unamwona nyota wa onyesho kutoka juu, kana kwamba umekaa kwenye viti vya ghorofa. Yuko peke yake, mguu mmoja chini, mikono imetandazwa, sketi yake nyeupe imefunguka, utepe mweusi shingoni unaruka nyuma. Halafu jicho lako linapanda kwenye pazia, na pale, miongoni mwa wasichana wanaosubiri zamu, amesimama mwanamume aliyevaa suti nyeusi. Uso wake hauonekani, umekatwa na mapambo ya jukwaa.

Suti hiyo nyeusi kila mtu wa Paris aliielewa. Mabwana wenye fedha walilipia viti vya Opera kwa msimu mzima, na malipo hayo yaliwapa ruhusa ya kuingia nyuma ya jukwaa, wakachanganyika na wasichana ambao wengi wao walitoka kwenye nyumba maskini na walianza mafunzo wakiwa na umri wa miaka saba au minane. Degas hakuandika makala kulaani jambo hilo. Aliichora suti, akaendelea na kazi.

Kuna binti mmoja ambaye siwezi kumpita. Anaitwa Marie van Goethem. Ndiye aliyesimama mbele ya Degas kwa ajili ya sanamu ya mchezaji mdogo wa miaka kumi na minne, iliyoonyeshwa mwaka 1881. Sanamu ilifinyangwa kwa nta, lakini nguo zilikuwa nguo kweli: fulana ya kubana, sketi ya kitambaa chepesi, viatu vya baleti, nywele za bandia zilizofungwa kwa utepe halisi. Watu walishtuka, wakaiona mbaya. Marie alikuwa mtoto wa wahamiaji kutoka Ubelgiji, mama yake akifua nguo za watu. Mwaka mmoja baadaye Opera ikamfukuza kwa utoro. Ndani ya maleba ya Opera, taasisi ya Kifaransa kuliko zote, basi, alikuwemo binti wa familia ya Kibelgiji. Jambo hili nitalihitaji mbele.

Sasa tuje kwenye pasteli. Hiki ni kijiti cha unga wa rangi ulioshikanishwa kwa gundi kidogo sana. Hakuna mafuta ndani yake, na huhitaji maji wala brashi. Unakikwaruza juu ya karatasi, unga unanasa kwenye mikwaruzo ya karatasi, basi. Kwa kuwa hakuna mafuta ya kuizimisha rangi, inang'aa na kukutazama machoni. Na kwa kuwa hakuna mafuta ya kuishikiza, kidole kimoja kinaweza kufuta kazi ya wiki nzima. Ndiyo maana pasteli huwekwa nyuma ya kioo, kwenye vyumba vya mwanga hafifu, na wenye makumbusho husita kuzisafirisha kwa sababu mtikisiko wa njiani unaweza kuangusha unga.

Katika karne ya 18 chombo hiki kilikuwa cha picha za mabwana na mabibi: mashavu laini, nywele zilizopakwa poda, unga uliosuguliwa kwa kidole mpaka mstari hauonekani. Degas aliupindua mchezo huo. Alichora kwenye karatasi nyembamba ya kunakilia, ile inayopenyeza mwanga. Akimaliza mchoro mmoja, anaweka karatasi nyingine juu yake, anafuatisha mistari, anasogeza mkono wa mchezaji, anainua goti. Mara nyingine anaigeuza karatasi upande wa pili, na mchezaji aliyetazama kushoto anatazama kulia. Karatasi ikimwishia pembeni anaunga kipande kwa gundi, na mwishoni anaibandika yote kwenye kadibodi. Kwa hiyo ukiwatazama wanawake wetu watatu wa London, kisha ukakutana na wenzao walioko Stockholm, New York au Houston, utaapa kwamba mmeshaonana. Na mmeonana kweli: mwili uleule umehama kutoka karatasi hadi karatasi. Mfululizo wote una kazi zaidi ya kumi.

Tatizo la karatasi ya kunakilia ni kwamba ni laini mno, haina mikwaruzo ya kutosha kunasa unga. Degas akahitaji dawa ya kushikiza. Rafiki yake Mwitaliano, mchoraji Luigi Chialiva, alimtengenezea dawa ya kupulizia iliyoshika unga bila kuififisha rangi. Akipulizia tabaka la kwanza, anasubiri likauke, anakwaruza la pili juu yake, anapulizia tena. Hasugui. Mistari anaiacha wazi, mmoja kando ya mwingine, na kupitia mianya yake rangi ya chini inachungulia. Ukisogea karibu unaona fujo ya mistari tu. Rudi nyuma hatua tano, sketi inaanza kuzunguka.

Lipo pia suala la macho. Wakati wa vita vya mwaka 1870 kati ya Ufaransa na Prussia, Degas alijiunga na ulinzi wa jiji, na ndipo alipogundua kwamba jicho lake la kulia lina hitilafu. Hali ikaendelea kuharibika maisha yake yote. Kufikia 1899 alikuwa na miaka 65 na vitu vidogo vilimsumbua. Wapo wanaoeleza kila kitu cha uzee wake kwa macho hayo: mistari minene, ati hakuona, rangi kali, ati hakuona. Maelezo hayo hayanitoshi. Kipofu hawezi kuweka chungwa chini ya buluu kwa hesabu ya namna ile. Macho yalimnyang'anya mambo madogo madogo, na rangi akabaki nayo.

Tarehe ya picha tunaipata kwa msaada wa msichana mmoja. Julie Manet, binti wa mchoraji Berthe Morisot, alikuwa na miaka 20 na mama yake alikuwa amefariki. Degas, rafiki wa familia, alikuwa mmoja wa wazee waliomwangalia. Tarehe 1 Julai 1899 Julie alimtembelea Degas kwenye chumba chake cha kazi, na mzee, aliyekuwa mgumu kuonyesha kazi zake, siku hiyo akawa mwepesi. Akamtolea pasteli za wanawake waliovaa mavazi ya Kirusi, wenye maua kichwani, shanga, blauzi nyeupe na sketi za rangi kali. Alipokuwa akizionyesha alijisifu, kwa namna yake ya utani, kwamba siku hizo anafanya karamu za rangi zisizo na adabu. Julie alirudi nyumbani akaandika yote katika shajara yake.

Tazama alichokiandika. Alitaja mavazi ya Kirusi. Kuhusu wanawake wenyewe, watu wa wapi, hakusema neno.

Kwa nini Kirusi? Paris ya wakati ule ilikuwa na homa ya Urusi. Ufaransa na dola ya Mfalme wa Urusi zilikamilisha mkataba wa kijeshi mwaka 1894. Mwaka 1896 mfalme huyo, Nikolai wa Pili, alikuja Paris kuweka jiwe la msingi la daraja lililopewa jina la baba yake, Pont Alexandre III, na daraja hilo bado linavuka mto Seine hadi leo. Kumbi za burudani zilipenda kualika vikundi vya wachezaji kutoka mashariki ya Ulaya. Na mtazamaji wa Paris hakuwa na sababu ya kuuliza zaidi: kila kilichotoka ndani ya mipaka ya dola ile kiliitwa Kirusi, kama ni ngoma, kama ni mkate, kama ni mtu.

Ndani ya dola yenyewe mambo yalikuwa makali zaidi. Mwaka 1876, katika mji wa Ems, Ujerumani, alikokwenda kwenye maji ya tiba, Mfalme Alexander wa Pili alitia saini amri iliyopiga marufuku kuchapisha vitabu kwa lugha ya Kiukraine na kuigiza kwa lugha hiyo jukwaani. Miaka mitano baadaye amri ililegezwa upande wa michezo ya kuigiza, lakini kwa vibali na masharti, na neno Ukraine lenyewe serikali haikutaka kulisikia. Iliyapa maeneo hayo jina la Urusi Ndogo. Katika hali hiyo, vikundi vya jukwaani vilikwenda mbele na kile ambacho mkaguzi aliona hakina hatari: nyimbo, ngoma, na nguo. Blauzi iliyotariziwa, shada la maua linaloitwa vinok, tepe za rangi.

Hapo ndipo tepe zetu zinaporudi. Waukraine waliotazama picha ya London walizitambua nguo hizo moja kwa moja, kama ambavyo wewe msikilizaji usingehitaji kibao kukujulisha kanga ni nini. Walilalamika kwa miaka. Baada ya uvamizi wa Februari 2022 malalamiko yakawa makubwa mitandaoni, na jumba likasema kwamba suala hilo lilikuwa limejadiliwa kwa muda mrefu na sasa wakati umefika. Mwaka uliofuata Metropolitan Museum ya New York, yenye pasteli ya mchezaji mmoja wa mfululizo huohuo, nayo ikaacha Mchezaji wa Kirusi, ikaandika Mchezaji Aliyevaa Vazi la Ukraine.

Walikuwepo waliokasirika. Wakasema ni siasa, wakasema jina la picha ni la mchoraji na haliguswi. Hoja hii ya pili haina miguu. Picha nyingi za Degas hazikupata majina kutoka kwake. Alipofariki Septemba 1917, chumba chake kilikuwa kimejaa mamia ya kazi ambazo hakuziuza wala kuzipa majina. Zilipigwa mnada kuanzia Mei 1918, Paris ikiwa bado inapigwa mizinga na Wajerumani, na wengi wa waliozipa majina ni waorodheshaji na wauzaji waliotaka mnunuzi aelewe haraka. Majumba ya sanaa hubadilisha vibao kila siku, kwa sababu ya tarehe, kwa sababu ya mchoraji kugundulika kuwa siye. Na kuhusu siasa: jina la kwanza nalo lilikuwa siasa, ila ya mfalme, na kwa kuwa ilikaa ukutani muda mrefu ikaonekana ni hali ya kawaida.

Pamoja na hayo, kibao kipya cha London nacho kinanikwaruza. Kinasema Wachezaji wa Ukraine. Tumejuaje? Picha inatuonyesha nguo. Kikundi hakina jina, hakuna tangazo la onyesho linaloweza kubandikwa kando yake, hakuna hata mchezaji mmoja anayejulikana. Na hawa ni watu wa jukwaani, ambao kazi yao ni kuvaa asili ya mwingine. Kenya wanalijua hili vizuri. Kule Bomas of Kenya, kituo cha utamaduni kilicho nje kidogo ya Nairobi, kikundi cha wachezaji kimekuwa kikicheza ngoma za makabila mbalimbali, wachezaji walewale wakibadilisha nguo nyuma ya pazia. Aliyekuchezea ngoma ya pwani dakika kumi zilizopita anarudi akiwa mtu wa bara. Huwezi kumwita Mgiriama wa pwani kwa sababu ya sketi ya hando aliyovaa, na yeye mwenyewe angekucheka.

Kumbuka Marie van Goethem ndani ya nguo za Opera. Wanawake watatu wa Degas wanaweza kuwa wametoka Poltava au Kyiv. Wanaweza kuwa wametoka Moscow, wakafundishwa ngoma ya kusini kwa sababu ndiyo iliyokuwa na soko. Inawezekana hata wakawa wasichana wa Paris, tena mmoja tu aliyevishwa nguo za kukodi na kusimama chumbani kwa mzee mara tatu kwa mikao mitatu. Julie mwenyewe aliona kwamba mandhari ya nyuma ni ya kubuni. Kwa hiyo New York, kwa maoni yangu, wamepata: vazi la Ukraine. Hilo lipo, linaonekana, linathibitika. Kibao cha London kiko karibu zaidi sana na ukweli kuliko kile kilichoondolewa, lakini kimeruka hatua moja.

Na Degas angesema nini? Sidhani angejali, na hapa sitaki umwone kama mzee mpole wa rangi. Kiangazi kilekile cha 1899 Ufaransa ilikuwa inagawanyika juu ya Kapteni Alfred Dreyfus, ofisa Myahudi aliyehukumiwa kwa usaliti ambao hakuufanya. Degas alisimama upande wa waliomlaani, kwa chuki ya wazi dhidi ya Wayahudi. Alikwishavunja urafiki wa miaka mingi na familia ya Halévy, waliokuwa wakimkaribisha mezani kwao karibu kama ndugu. Mtu huyu alijali sana nani ni Mfaransa wa kweli. Halafu, mbele ya wanawake wenye mavazi ya kigeni na buti, akasahau maswali hayo yote. Kibanda chake cha hukumu kilifungwa, jicho likabaki kazini, na jicho likaandika kwa usahihi kila utepe ulivyokaa.

Ndiyo sababu mjadala huu uliwezekana. Angekuwa mchoraji wa kubuni, anayevalisha mtu yeyote nguo yoyote ya kigeni ili apate rangi, leo tusingekuwa na ushahidi wa kubishania. Walikuwepo wengi wa namna hiyo, wakichora Waarabu wa Paris ndani ya mazulia ya dukani. Degas alikuwa na ubishi wa fundi cherehani. Alitaka kujua blauzi imefungwa wapi, sketi inaanzia wapi, uzito wa shanga unaivuta nguo upande gani mtu akiinama.

Kabla sijakuacha, nikurudishe miguuni mwao, kwa sababu kibao chochote kile hakikufundishi kuitazama miguu. Katika baleti, mwili wote unajidai hauna uzito: ncha ya kidole chini, kila kitu kingine kinaelekea juu. Miaka thelathini Degas alichora uongo huo mzuri, na akachora pia gharama yake, wasichana wakikanda vifundo vya miguu na kujikuna mgongo kwenye benchi. Hawa watatu hawajidai. Buti zao zinakanyaga. Uzito unashuka, goti linaupokea, ardhi inajibu, na mguu mwingine unaruka kwa sababu wa kwanza umegonga. Mchezaji yeyote wa ngoma anayenisikiliza sasa hivi anaijua hesabu hiyo kwenye nyonga zake. Kwamba mzee wa miaka 65, mwenye jicho moja baya, aliyezoea vidole vya baleti, aliielewa na kuiweka kwenye karatasi nyembamba kwa unga, hilo kwangu linashinda ugomvi wote wa majina.

Ikitokea ukafika London, National Gallery iko Trafalgar Square, na kuingia kutazama mkusanyo wake ni bure. Ila uliza kwanza pale mapokezi kama picha hii iko ukutani, maana pasteli hupumzishwa gizani mara kwa mara, na unaweza kupanda ngazi zote zile ukakuta mahali pake pamewekwa kitu kingine.